Mama, binti na kopo la dawa ya nywele

Wadau mnaoijua Kimandolu mnajua Jumamosi asubuhi huwa ikoje. Redio ya jirani inapiga kwaya, mmoja anafua, mwingine anachambua mchele, na kila baada ya nyumba mbili tatu kuna mtoto wa kike kakaa kwenye kigoda, kichwa kiko katikati ya magoti ya mtu mzima, analalamika anavutwa. Saluni zipo, tena nyingi tu kuanzia barabara ya Moshi mpaka ndani huko. Lakini saluni ni ya siku ya shughuli na ya mwenye hela. Siku nyingine zote nywele zinatengenezwa uani, na fundi ni mama, dada au mpangaji mwenzako.

Jumamosi hii ilikuwa ya mwezi wa nne, masika yamekolea, Mlima Meru umejificha kwenye mawingu siku ya nne mfululizo. Katika nyumba moja ya kupanga, njia ya kwenda Ngulelo, binti wa miaka 17 alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya bati la uani. Taulo kuukuu mabegani, Vaseline imepakwa kuzunguka paji la uso, nyuma ya masikio na shingoni. Kwenye stuli pembeni kulikuwa na glavu, chanuo, kijiti cha mbao, na kopo la dawa ambalo lilikuwa halijafunguliwa.

Binti alikuwa amemaliza kidato cha nne mwezi wa kumi na moja. Waliosoma shule za serikali wanaelewa maana yake: miaka minne kichwa kimenyolewa, miaka minne hakuna tofauti kati yako na kaka yako ukiangaliwa kwa nyuma. Siku ya mtihani wa mwisho ndiyo siku nywele zinapoanza kuishi. Unywele unakua kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi, hivyo kufika Aprili za kwake zilikuwa na urefu wa vidole vinne, kama utazivuta. Usipozivuta zinajikunja na kurudi kichwani, hasa kwenye unyevu wa Arusha wa mwezi wa nne, unaonekana kama mtu aliyeanza kuziachia juzi.

Mama yake mdogo alikuwa anaagwa. Kwaresima imeisha, Pasaka imepita, kumbi zimefunguliwa, na sendofu ilikuwa wiki moja mbele. Sare ilikuwa imeshashonwa. Binti alikuwa na ombi moja tu, awekwe dawa nywele zilale.

Mama alikataa mara mbili bila kusema kwa nini. Mara ya tatu akakubali, na hapo pia hakusema kwa nini.

Huyu mama ana miaka 43, anauza mitumba soko la Kilombero. Alianza kuweka dawa mwaka 1999, akiwa na miaka 19, uani vilevile, mikononi mwa rafiki yake. Tangu hapo kila baada ya wiki nane alirudia. Ukipiga hesabu ni mara 6 kwa mwaka, na aliendelea hivyo kwa miaka 20. Mara 120. Mwaka 2019 akaacha, akanunua wigi. Ndiyo, mwaka uleule Serikali ilipotangaza bungeni kodi mpya ya nywele za bandia, asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini na asilimia 25 kwa zinazotoka nje, na wanawake wa mjini wakalalamika mpaka basi. Yeye hakulalamika. Angelipa hata asilimia 50. Mchana wigi, usiku kilemba, na tangu mwaka ule hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kukiona kichwa chake kikiwa wazi. Au ndivyo alivyoamini.

Kwa hiyo tatizo lake lilikuwa hili: kumkatalia mtoto kulihitaji sababu, na sababu yenyewe ilikuwa chini ya kilemba. Akaona rahisi ni kununua kopo.

Lile kopo lilikuwa na maandishi ya Kiingereza na Kifaransa, Kiswahili hamna. "Nisomee," mama akasema, huku anavaa glavu. Miaka yote 20 alikuwa hajawahi kusoma maelekezo ya kopo lolote. Nani anasoma? Unajua kwa kuona kwa mwenzako.

Binti akaanza kusoma na kutafsiri. Usioshe kichwa siku ya kuweka dawa, wala siku zilizo karibu. Usijikune. Usiweke kama kichwa kina kidonda au mchubuko. Ikianza kuunguza, osha palepale. Mama akacheka kidogo pale pa kuunguza. "Sisi tulikuwa tunaambiwa ikiunguza ndiyo inashika. Unavumilia. Mtu anakupepea na gazeti."

Kisha binti akafika kwenye orodha ya vilivyomo. Maji, mafuta, na neno moja lililomfanya ainue macho. "Mama, sodiamu haidroksaidi. Hii tulisoma kwenye kemia. Ni besi kali hii."

"Rudia."

"Sodiamu haidroksaidi. Kostiki soda."

Hilo la pili mama alilijua. Kikundi chao cha VIKOBA kilifundishwa kutengeneza sabuni ya mche, na siku ya kwanza mwalimu alitumia karibu saa nzima kuwaonya kuhusu kostiki tu. Glavu. Miwani. Mimina kostiki kwenye maji, usimimine maji kwenye kostiki. Mtoto asisogee. Mwanakikundi mmoja ilimrukia kwenye kiganja na alama anayo mpaka leo. Kwenye sabuni angalau inakwisha, ikishaungana na mafuta inageuka kuwa kitu kingine. Kwenye kopo bado iko macho, inasubiri kichwa.

Hapa inafaa kusema kitu kwa haki. Dawa ya nywele si uchawi, na si kila anayeiweka anaharibikiwa. Wapo akina mama wa makamo hapa mjini wenye nywele za dawa za miaka mingi, nzito, zinang'aa. Kinachofanyika ni kwamba dawa inapanda kwenye kipimo cha pH mpaka 12, 13, hata karibu na 14, wakati maji ya kawaida yako kwenye 7. Inaingia ndani ya unywele na kukata vile vifungo vya salfa vinavyoufanya ujikunje. Vikishakatwa havirudi. Ndiyo maana unywele uliowekwa dawa haujikunji tena hata uoshe vipi, na ndiyo maana umepungua nguvu. Zipo pia zile zinazoandikwa hazina sodiamu hiyo, unachanganya mwenyewe vitu viwili. Hizo zinatumia haidroksaidi ya kalsiamu. Ni za taratibu zaidi kwa ngozi lakini zinakausha nywele, na nazo pia ni alikali kali. Jina la upole lisikudanganye.

Mwenye kuharibikiwa mara nyingi anaharibiwa na namna. Dawa inatakiwa ipakwe kwenye nywele mpya tu, zile sentimita chache za chini, kwa sababu za juu zimeshanyooka. Mama huyu alikuwa anapakwa kichwa kizima, mzizi hadi ncha, kila wiki nane. Anafumua rasta Ijumaa, anaweka dawa Jumamosi, ngozi bado imevimba kwa kuvutwa. Dakika zilizoandikwa zinaongezwa kwa sababu stori zimenoga. Ile shampuu ya kuzima dawa, ambayo nyingine povu lake linabaki na rangi ya waridi mpaka dawa iishe kabisa, ilikuwa inaonekana ni ya kuwala watu hela, anaoshwa na sabuni ya kawaida. Jumatatu anasukwa tena, rasta ndogo ndogo, zimekaza mpaka nyusi zinapanda. Fanya hivyo mara 120.

Mama alivua glavu. Akaziweka juu ya kopo. Akaangalia uani kama kuna mtu, jirani wa kufua alikuwa ameingia ndani kukimbia manyunyu, na akafungua kilemba.

Utosini palikuwa peupe, duara la ukubwa wa kisahani cha chai, ngozi inang'aa kama iliyosuguliwa. Mbele, kuanzia sikio hadi sikio, nywele zilikuwa zimerudi nyuma vidole viwili. Katikati ya duara na paji kulikuwa na nywele chache fupi, zimekaa kama majani ya ukame.

Alitegemea mtoto ashtuke. Mtoto hakushtuka.

"Nilijua, mama. Ulipougua malaria mwaka juzi kilemba kilitoka usiku. Nikakirudisha."

Mama akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Muda wote huo! "Sasa kama ulijua, dawa uliitaka ya nini?"

Binti alichelewa kujibu. Alikuwa anafuta Vaseline pajini kwa kona ya taulo, anafuta pale pale palipokwisha futika. "Nilifikiri ni ya ukoo. Nikasema kama na mimi zitaondoka, basi niwe nazo kwanza. Hata mara moja. Ndefu, zimelala, nipige picha."

Miaka miwili yule mtoto alikuwa anaamini anasubiri upara, na hakuuliza, kwa sababu mama alionyesha kwa kila namna kwamba hilo si la kuulizwa.

Kopo halikufunguliwa siku ile.

Kilichofuata alikitoa mama kwa bibi yake wa Akheri, juu ya Tengeru, ambaye enzi zake hakuwa na dawa wala pasi ya umeme. Uzi. Wasomaji wadogo labda hamjaona, lakini wakubwa mnaukumbuka, ule uzi mweusi wa kusukia. Watu wengi wanajua nywele za uzi kama mtindo wa kukaa nao, zile zinazosimama kama miiba. Lakini kazi yake nyingine ni kunyoosha, bila moto na bila kemikali. Wenye haraka walikuwa na chanuo la chuma linalowekwa kwenye jiko la mkaa, moshi wa nywele unajaa jikoni, na sikio likiunguzwa ndiyo hivyo tena. Bibi wa Akheri hakuwa na haraka.

Binti alirudi kigodani Ijumaa jioni, siku moja kabla ya sendofu. Kichwa kilioshwa kwa maji ya uvuguvugu, kikapakwa kondishona, kikachanwa kwa chanuo la meno mapana kuanzia nchani kushuka kwenye mzizi, kikiwa bado kimelowa. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Nywele za kipilipili zikichanwa kavu, kuanzia juu, zinakatika, kisha mtu anasema nywele zake hazikui. Zinakua. Zinakatikia kwenye chanuo.

Parachichi lilipendekezwa na jirani, maana Arumeru maparachichi hata mbuzi wanakula. Mama akakataa. Aliwahi kujaribu, akatumia siku mbili kuokota vipande vya kijani kichwani sokoni, wateja wanaona. Yai naye alishalijaribu na kulioshea na maji ya moto, likaiva. Alichotaka ni mafuta ya nazi, ambayo ni kati ya mafuta machache yanayoingia ndani ya unywele wenyewe badala ya kukaa juu tu. Shida ya mafuta ya nazi kwa watu wa Arusha ni moja: yanaganda chini ya nyuzi joto 24, na huku kwetu kuanzia masika mpaka mwezi wa nane chupa inakuwa jiwe. Unaiweka kwenye kikombe cha maji ya moto kwanza. Watu wa Tanga wanaliona hili jambo la kuchekesha.

Halafu nywele zikaachwa zikauke nusu. Zikagawanywa mafungu madogo, labda 25. Kila fungu likashikwa kwenye mzizi, uzi ukazungushwa mara tatu nne pale chini, halafu ukapanda ukizunguka mpaka nchani, ukafungwa. Siri iko kwenye mkono. Uzi unatakiwa ukaze unywele, usikaze ngozi. Kila fungu mama alikuwa anauliza, "Inavuta?" Binti akisema ndiyo, linafunguliwa, linaanza upya. Ilichukua saa mbili na nusu, ugali ukapoa. Yeye katika miaka 20 hakumbuki mtu aliyewahi kumuuliza hilo swali.

Muuguzi anayepanga chumba cha mwisho alitoka zamu akawakuta, akavuta kiti. Ndiye aliyeleta habari ambayo mama hakuipenda. Oktoba 2022 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani walitoa matokeo ya kufuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11. Kwa wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, makadirio yalikuwa asilimia 1.64 kupata saratani ya mji wa mimba kabla ya kufika miaka 70. Kwa waliotumia zaidi ya mara 4 kwa mwaka, ilikuwa asilimia 4.05. Muuguzi alifafanua kwamba huo ni uhusiano, si uthibitisho kwamba dawa ndiyo inayoleta, na kwamba hata kwenye kundi la pili wengi mno hawakuugua. Lakini mama alishasikia mara 4, naye alikuwa wa mara 6. Alinyamaza, akaendelea kuzungusha uzi.

"Na hapo utosini ukaonwe na mtu wa ngozi," muuguzi akasema, kana kwamba kile kichwa amekijua siku nyingi. Pengine amekijua. Kwenye nyumba za kupanga siri ni ya mwenye nayo tu.

Asubuhi ya sendofu uzi ulitolewa. Nywele zilitoka zimenyooka, sio za kulala kama za saluni, ila ndefu, laini, nyeusi, zinafika chini ya sikio. Binti akajiangalia kwenye kioo cha kabati, akageuka upande, akageuka upande mwingine. Akazibana nyuma kwa kibanio, akaacha kidogo mbele.

Kosa la uzi mtalisema wenyewe: maji. Nywele zilizonyooshwa kwa uzi zikipata mvua zinarudi zilikotoka, na nje mvua ilikuwa haina mpango wa kuacha. Wangeweza kupanda kifodi kama siku zote. Mama akaita bajaji mpaka mlangoni mwa ukumbi, akalipa bila kulalamika, na bado walivuka hatua kumi za mwisho mfuko wa nailoni ukiwa kichwani mwa bibie na sare yake mpya. Kufika saa tatu usiku, joto la ukumbi na kucheza, zilikuwa zimerudi nusu. Lakini picha zilishapigwa. Moja wako watatu, bibi harusi mtarajiwa katikati, mama kulia na wigi lake, binti kushoto anacheka kinywa wazi.

Mama hakugeuka kuwa mtu mwingine baada ya hapo, wasomaji msitegemee. Sokoni anaenda na wigi mpaka leo, ila amebadilisha lile lenye mpira unaobana mbele. Mwezi wa sita alikwenda kliniki ya ngozi KCMC, Moshi. Aliambiwa utosini mizizi imezibwa na kovu, pale hapana cha kusubiri, kazi ni kuzuia duara lisitanuke. Mbele ni hadithi nyingine. Palipovutwa na rasta, kama mizizi haijafa, panaweza kurudi ukipaacha papumzike, na unapewa dawa ya kupaka. Alirudi na basi la jioni akiwa kimya, tyubu kwenye pochi.

Kisha majina ya kidato cha tano yakatoka, na maelekezo ya shule yakaja na kile kifungu ambacho kila mzazi anakijua: nywele ziwe fupi, zisisukwe. Binti alikwenda mwenyewe kwa kinyozi wa barabarani, dakika tano, elfu moja. Zile zilizoanguka hakuziokota. Alisema zimeshapigwa picha.

Kopo bado liko juu ya kabati la vyombo. Mama anasema atamuuzia mtu, hela ni hela, lakini kila anayeuliza anaambiwa limeshaisha muda.

Oktoba alikwenda kumtembelea shuleni na chombo cha makande ya maziwa na mafuta ya kujipaka. Walikaa chini ya mti nyuma ya bwalo, wakala, wakasema habari za nyumbani. Walipomaliza binti akaangalia kushoto na kulia, wazazi wengine walikuwa mbali.

"Mama, vua kidogo nione."

Akasogeza wigi nyuma. Binti akainama, akapitisha kidole taratibu juu ya sikio la kushoto, akarudia.

"Huku zimeanza," akasema. "Hizi hapa. Laini kama za mtoto."

"Na kulia?"

"Subiri, geuka."